Mkato wa Maneno katika Maandishi ya Kiingereza

Maneno ya kinywa huenda pamoja na mwenyewe. Msikilizaji asipofahamu huuliza, na msemaji hujibu papo hapo. Uso, mkono na sauti humsaidia. Maandishi hayana bahati hiyo. Yakitoka mkononi mwa mwandishi huwa kama mtoto aliyetumwa nchi ya mbali: husema aliloagizwa, wala hawezi kuongeza neno akiulizwa. Kwa sababu hiyo kila mwandishi ana jambo moja la kuamua kabla ya kuinua kalamu, nalo ni kiasi cha maneno atakayompa mjumbe wake. Akimpa mengi, gharama huzidi na msomaji huchoka. Akimpa machache, gharama hupungua, lakini maana yaweza kupotea njiani.

Watu waandikao Kiingereza wamelipima jambo hili kwa muda wa karne nyingi, na mizani yao haijatulia. Vifupisho vyao ni vingi. Vingine vimekuwa maneno kamili, vingine vimekufa, na vingine vina maana mbili au tatu zigombanazo. Aghalabu husemwa kwamba vifupisho ni uvivu wa vijana wa siku hizi; historia haiungi mkono neno hilo. Historia yaonyesha kwamba kila kizazi kilikata maneno kwa ajili ya gharama iliyokuwapo wakati wake, na kwamba kifupisho ni salama maadamu aandikaye na asomaye wana ufunguo mmoja. Kikitoka nje ya jamii ya wenye ufunguo, hasara huanza. Na hasara hiyo mara nyingi hailipwi na aliyelikata neno, bali na aliyelisoma.

Gharama ya kwanza ilikuwa ngozi. Kabla ya karatasi kuenea Uingereza, vitabu viliandikwa juu ya ngozi za kondoo, mbuzi na ndama, na kila ukurasa ulitaka mnyama, fundi na siku za kazi. Watawa walionakili vitabu vya Kilatini walijifunza kubana maneno. Walikata miisho, wakatia mstari mdogo juu ya irabu kuonyesha kwamba m au n imeachwa, wakaunganisha herufi mbili kuwa alama moja. Neno et, ambalo kwa Kilatini ni "na", liliandikwa kwa herufi zilizokumbatiana hata likawa alama &, itumiwayo mpaka leo katika majina ya maduka na makampuni. Watoto wa shule wa Uingereza walipokariri alfabeti waliitaja alama hiyo mwishoni kwa mchanganyiko wa Kiingereza na Kilatini, "and per se and". Kwa kukaririwa upesi maneno hayo yaliyeyuka, na mwishowe yakawa jina moja, ampersand. Hivyo kifupisho cha neno lenye herufi mbili kilipata jina lenye herufi tisa.

Vifupisho vingine vya watawa vilibaki, lakini funguo zao zilipotea. Katika neno videlicet, lenye maana ya "yaani", waandishi waliacha mwisho wa neno wakaweka alama iliyofanana na tarakimu ya 3. Wapiga chapa wakaiweka herufi z mahali pake, kwa kuwa zilifanana. Basi z iliyomo katika kifupisho viz. si z hata kidogo, na Mwingereza akikisoma kwa sauti husema namely, neno lisilo na herufi hata moja kati ya zile tatu. Alama ya fedha ya Waingereza, £, ni herufi L ya neno la Kilatini libra. Na lb, alama ya uzito, yatoka katika neno lilo hilo. Mpaka tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilipoingia katika hesabu mpya ya fedha, peni iliandikwa d kwa ajili ya denarius, sarafu ya Warumi wa kale. Mtoto wa Kiingereza aliandika d akasoma penny, wala hakuona ajabu. Katika jambo hili Kiswahili kilikuwa na bahati: kilichukua ratili kutoka kwa Waarabu na pauni kutoka kwa Waingereza, kwa hiyo uzito na fedha havikuchanganyika. Kwa Kiingereza vyote viwili ni pound, na alama tu ndizo zivitengazo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa ufunguo uliopotea ni neno ye. Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi moja iliyoitwa thorn, þ, yenye sauti ya th. Katika mwandiko wa karne ya 15 herufi hiyo ilikuwa imefanana sana na y. William Caxton alipoleta kiwanda cha chapa Westminster mwaka 1476, herufi za chapa zilikuwa za bara la Ulaya, ambako thorn haikujulikana. Wapiga chapa wa Kiingereza walipotaka kufupisha neno the waliweka y na e ndogo juu yake. Wasomaji wa wakati ule waliiona y wakatamka th, na hakuna aliyepotea. Baadaye desturi ikafa, wajuzi wakafa nayo, na herufi zikabaki pale pale. Leo duka litakalo kuonekana la kale huandika Ye Olde juu ya mlango wake, na wapitao husoma "yi", sauti ambayo hakuna Mwingereza wa kale aliyeitamka alipolisoma neno hilo. Kosa hili halimdhuru mtu. Ni la kuchekesha. Lakini lafundisha kwamba maandishi huishi miaka mingi kuliko mapatano yaliyoyazaa.

Kufikia karne ya 18 karatasi haikuwa ghali kama ngozi, lakini maneno yaliendelea kukatwa. Sasa sababu haikuwa gharama, bali fahari ya kuonekana mtu wa mjini. Jonathan Swift alikasirika. Katika gazeti la The Tatler la tarehe 28 Septemba 1710 alilalamika juu ya vijana wa London waliokata maneno katikati, wakasema pozz badala ya positive, rep badala ya reputation, na mob badala ya mobile vulgus, maneno ya Kilatini ya kuitia umati wa watu wa ovyo. Mwaka 1712 alichapisha shauri kwa Robert Harley, mkuu wa serikali, kwamba pafanywe chama cha wataalamu wa kuilinda lugha isibadilike. Chama hakikufanywa. Pozz lilikufa lenyewe bila kuuawa na mtu, ilhali mob limekuwa neno halali ambalo hakuna msomaji alionaye kuwa limekatwa. Lugha haikumtii Swift katika kuua wala katika kuponya.

Lakini Swift mwenyewe hakuwa na mkono safi. Katika miaka ile ile, tangu Septemba 1710 mpaka 1713, aliwaandikia rafiki zake wawili waliokaa Dublin, Esther Johnson na Rebecca Dingley, barua zilizojaa vifupisho vya siri. MD walikuwa wao, Pdfr alikuwa yeye, na maneno mengi yalivunjwavunjwa kwa mchezo. Barua hizo zilichapwa baada ya kufa kwake, na wataalamu wa fasihi wamekuwa wakibishana juu ya maana ya baadhi ya herufi zake. Msomaji aweza kumwita mnafiki, naye atakuwa amefanya haraka. Swift alijua kwa vitendo jambo ambalo hakulisema kwa maneno: kati ya watu watatu wajuanao, herufi mbili zatosha kubeba mapenzi, kati ya mwandishi na taifa zima, hazitoshi kubeba hata habari.

Kifupisho kilichosafiri kuliko vyote kilizaliwa Marekani kwa mzaha. Katika miaka ya mwisho ya 1830 waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha misemo, tena wakiiendeleza vibaya kwa makusudi. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapa o.k., likaeleza kwamba maana yake ni "yote sawa". Maneno yenyewe, all correct, yaliandikwa kwa mzaha oll korrect. Michezo mingi ya namna hiyo ilikufa. Huu uliponea katika siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alipogombea tena urais, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook kwa jina la mji wake, wakafanya OK kuwa kilio chao. Van Buren alishindwa, kifupisho kikashinda. Asili yake ilisahauliwa upesi mno, watu wakaitafuta katika lugha za Wahindi Wekundu, katika Kigiriki na kwingineko, mpaka Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia alipoichimbua katika magazeti ya kale akatoa matokeo yake mwaka 1963 na 1964. Kifupisho kikishakuwa neno, hakihitaji tena kukumbukwa kilikotoka.

Mzaha uligeuka biashara ilipokuja simu ya maandishi. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alipeleka ujumbe kutoka Washington mpaka Baltimore kwa waya, na baada ya muda si mrefu kila neno likawa na bei. Uingereza mwaka 1885 ilitoza peni 6 kwa maneno 12, na anwani ilihesabiwa ndani yake. Mtu aliyezoea kuandika barua ya kurasa nne sasa alihesabu maneno kama mchuuzi ahesabuvyo nazi. Viunganishi vilitupwa, adabu zikatupwa, na vitabu vya mapatano vikachapwa ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Walter P. Phillips alitoa mwaka 1879 kitabu cha vifupisho kwa ajili ya wapeleka habari za magazeti wa Marekani. Na SCOTUS, lisemwalo mpaka leo kwa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, limetoka humo. Mwaka huo huo wa 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na watu wa pwani wakauita simu, kwa neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Jina hilo likaja kukaa juu ya kila chombo kilichofuata.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kisa cha Frank Primrose kinalithibitisha neno lao. Primrose alikuwa mfanyabiashara wa sufu katika mji wa Philadelphia. Tarehe 16 Juni 1887 alimpelekea wakala wake aliyekuwa Kansas ujumbe wa simu kwa maneno ya mapatano. Ndani yake lilikuwamo neno bay, ambalo katika kitabu chao lilikuwa na maana ya "nimekwisha kununua". Katika alama za Morse herufi A ni nukta na mstari, na herufi U ni nukta mbili na mstari. Njiani nukta moja ilizidi. Bay ikafika ikiwa buy, yaani "nunua". Wakala, kama mtumishi mwaminifu, akanunua ratili kiasi cha 300,000 za sufu ambazo hakuna aliyezitaka, na Primrose akapata hasara ya zaidi ya dola 20,000.

Primrose aliishtaki kampuni ya Western Union, na shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwaka 1894. Nyuma ya karatasi ya simu palichapwa masharti. Kampuni haikukubali dhamana ya ujumbe ambao mpelekaji hakulipia urudiwe kwa kuhakikishwa, wala ya ujumbe wa mafumbo. Primrose alikuwa ameokoa ada ya kurudiwa, ambayo ilikuwa nusu ya ada ya kwanza. Mahakama iliona tena kwamba karani wa simu hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya maneno yasiyo na maana palikuwa na mali nyingi. Primrose akahukumiwa kurudishiwa ada aliyolipa, dola 1 na senti 15. Waswahili husema mjumbe hauawi; majaji wa Washington walifikia neno lilo hilo kwa njia ya sheria. Hapana budi kuitazama vema hukumu hii, kwa sababu imeweka wazi hesabu ya vifupisho. Neno kamili lina walinzi wengi: herufi moja ikiharibika, zilizosalia hulishuhudia, na karani aijuaye lugha hulisahihisha. Neno lililokatwa, au lililofumbwa, halina shahidi. Kila herufi iliyookolewa ni mlinzi aliyeondolewa mlangoni.

Karne ya 20 iliyafanya majina ya herufi kuwa desturi ya serikali na ya majeshi. Vita viwili vikuu vilizaa idara nyingi kuliko watu walivyoweza kuzitaja, na herufi za kwanza zikasimama badala ya majina. Radar, chombo cha kugundua ndege na meli zilizo mbali, kilipewa jina hilo na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940 kwa herufi za mwanzo za maneno yanayoeleza kazi yake. Katika vita vya kwanza, tarehe 9 Septemba 1917, jemadari wa majini mstaafu, Lord Fisher, mwenye umri wa miaka 76, alimwandikia Winston Churchill barua ya mzaha juu ya nishani mpya. Ndani yake alitia herufi O.M.G., ambazo vijana wa karne ya 21 hudhani ni mali yao, naye akaongeza papo hapo maneno kamili, "Oh! My God!". Mzee huyo alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa leo hawalifanyi: alipompa mwenziwe kufuli mpya alimpa na ufunguo wake.

Si kila utata ni kosa, na insafu yataka neno hili lisemwe. Mrs na Miss zote mbili zimetoka katika neno moja, mistress, lakini desturi ilizigawa: ya kwanza ikawa ya mwanamke aliyeolewa, ya pili ya asiyeolewa. Mwandishi wa barua asiyejua hali ya mwanamke alishikwa na shida, na mwanamke alilazimishwa kutangaza ndoa yake kila alipotia sahihi, ilhali Mr haikumuuliza mwanamume neno. Tarehe 10 Novemba 1901 gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilitoa shauri kwamba itumiwe Ms, kifupisho kisichosema lolote juu ya ndoa. Shauri lililala miaka mingi, likaamshwa na wanawake wadai haki katika miaka ya 1970. Mpiga chapa wa Serikali ya Marekani alikikubali kifupisho hicho mwaka 1972, na gazeti la The New York Times mwaka 1986. Hapa herufi zilipangwa makusudi zifiche, na kuficha kwenyewe kulikuwa haki. Tofauti ni kwamba katika Ms aandikaye na asomaye wote wajua ni nini kilichofichwa.

Utata wa hatari ni ule ambao pande mbili hudhani zimeelewana. Tarehe ni mfano wa kila siku. Mwingereza huandika siku kwanza na mwezi baadaye. Mmarekani hutanguliza mwezi. Kwa hiyo 3/4 ni tarehe 3 Aprili London, na ni tarehe 4 Machi Chicago. Na wawili hao waweza kuagana vizuri wakakutana baada ya mwezi kupita. Ulimwengu mzima umejifunza kuyaita mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 kwa tarakimu za Kimarekani, 9/11, ingawa kwa hesabu ya Uingereza, na ya Tanzania na Kenya pia, tarakimu hizo ni za tarehe 9 Novemba. Mwaka 1988 shirika la viwango la dunia lilitoa kanuni ya kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kompyuta zimeitii zaidi kuliko watu. Kadhalika saa. Kwa Kilatini a.m. ni kabla ya adhuhuri na p.m. ni baada yake. Basi 12 ya adhuhuri yenyewe haiwezi kuwa kabla wala baada ya nafsi yake, na wasomaji wa Kiingereza wamebishana juu ya 12 p.m. kwa muda mrefu. Msemaji wa Kiswahili asemapo saa sita ya mchana au saa sita ya usiku hana ugomvi huo, ijapokuwa ana ugomvi wake mwingine akutanapo na mgeni ahesabuye saa kwa namna ya Kizungu.

Katika hospitali hasara haihesabiwi kwa dola. Waganga wa Ulaya na Marekani walirithi Kilatini cha vifupisho katika hati za dawa, na kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya siri kati ya mganga na mwuza dawa. Q.d. ni "kila siku", q.o.d. ni "siku moja baada ya moja". Mwandiko ukiwa mbaya, o yaweza kuonekana kuwa nukta, na dawa ya siku mbili ikatolewa kwa siku moja. Kipimo cha insulini kiliandikwa U badala ya neno unit. U iliyofumbwa juu yake huonekana sifuri, na 10 ikawa 100. MS yaweza kuwa mofini, ya kutuliza maumivu, au salfeti ya magnesi, dawa nyingine kabisa. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika likagualo hospitali za Marekani, lilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa kamwe, na hivi vilikuwamo. Dawa iliyotolewa dhidi ya maradhi haya haikuwa chombo kipya wala elimu mpya; ilikuwa kuandika neno zima. Katika vituo vya dawa vya Tanzania pia huandikwa 1 x 3 juu ya bahasha, na maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mgonjwa aliyeelezwa hufahamu, asiyeelezwa huachiwa hesabu ya kuzidisha.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Mhandisi Friedhelm Hillebrand wa Bonn mwaka 1985 aliandika sentensi za kawaida akahesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zatosha kwa habari nyingi za watu. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa na Neil Papworth nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulisema Merry Christmas kwa maneno kamili, bila kukatwa hata herufi. Mkato ulikuja baadaye, watu walipotozwa kwa kila ujumbe na kulazimika kubonyeza kitufe kimoja mara tatu au nne ili kupata herufi moja. U ikawa you, gr8 ikawa great, na walimu wakalia kama Swift alivyolia. Mwanaisimu David Crystal aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2008, akaonyesha kwamba maneno mengi ya ujumbe wa simu yaliandikwa kwa kawaida, na kwamba mbinu za kuyakata zilikuwapo zamani.

Ushahidi wa gharama ulionekana gharama ilipopungua. Mtandao wa Twitter, ambao tangu 2023 unaitwa X, uliongeza nafasi ya ujumbe kutoka herufi 140 hadi 280 mwezi wa Novemba 2017. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe ilieleza kwamba gr8 na b4 zimepungua, na great na before zimeongezeka. Vifupisho vilivyosalia ni vile vilivyopata kazi nyingine, yaani kuonyesha urafiki, mzaha, na kuwa mmoja wa wenyeji. Hata nukta imebadilika: uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Binghamton, New York, mwaka 2015 uliona kwamba jibu fupi la simu lililofungwa kwa nukta lilionekana halina moyo safi kuliko lisilofungwa. Alama ambayo kwa karne nyingi ilimaanisha tu kwamba sentensi imekwisha, sasa yaweza kumwambia kijana kwamba mwenziwe amekasirika.

LOL ni shahidi wa mwisho. Katika kamusi kubwa ya Oxford herufi hizo zina ushahidi wa mwaka 1960 zikiwa na maana ya kizee cha kike. Katika kompyuta zikawa "nacheka kwa sauti", na kwa maana hiyo ziliingizwa katika kamusi hiyo mwezi wa Machi 2011. Wengine walizisoma "mapenzi mengi". Mwaka 2012, mbele ya Tume ya Leveson iliyochunguza mwenendo wa magazeti ya Uingereza, Rebekah Brooks alieleza kwamba David Cameron, Waziri Mkuu wa wakati huo, alizifunga baadhi ya jumbe zake kwa LOL akidhani anamtakia mapenzi, mpaka alipoambiwa maana yake nyingine. Watu walicheka. Lakini ni rahisi kuwazia barua ya rambirambi yenye herufi hizo ikifika mikononi mwa aliyefiwa.

Jambo hili lina uzito wake kwa Waafrika wa Mashariki, ambao wengi wao husoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu katika mahakama, hospitali na vyuo. Waswahili waliujua utata wa maandishi kabla ya kukutana na Kiingereza: wazee walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na alama tofauti za kutenga e na i, wala o na u, na msomaji alihitaji kuijua lugha na beti kabla ya kuyajua maandishi. Leo wanacho Kiswahili chenye n.k., k.v. na S.L.P., na hapana aoneaye shida. Lakini e.g. na i.e. humpata mgeni, maana ya kwanza ni "kwa mfano" na ya pili ni "yaani", na kuzibadilisha ni kubadilisha hoja. Mwaka 2016 ofisi iangaliayo maandishi ya Serikali ya Uingereza katika intaneti iliamua kuziacha. Sababu zilikuwa mbili: wasomaji wasiozaliwa na Kiingereza walizichanganya, na mashine ziwasomeazo vipofu zilisoma eg kama neno egg, yaani yai.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii huwapendeza wafumbaji, lakini kwa kifupisho haifai, kwa kuwa asiyelifahamu si mjinga. Ni mtu aliyesimama nje ya mlango. Yule kipofu, mgonjwa na mwanafunzi wa lugha ya ugenini hawakuwapo mapatano yalipofanywa. Herufi zilizookolewa na mwandishi mmoja ni chache na kazi ya kuziandika ni ya dakika moja. Kuzitafuta ni kazi ya kila msomaji, na wasomaji ni wengi. Ngozi imekwisha kuiachia karatasi nafasi yake, simu ya maandishi ya Western Union ilifungwa mwaka 2006, na herufi 160 hazimfungi tena mtu. Sababu za kukata maneno mbele ya wageni zimekufa moja baada ya moja, na kilichobaki ni mazoea. Kati ya wajuanao mazoea hayo ni mchezo mzuri, nao una haki ya kuishi. Mbele ya asiyejulikana, neno zima ni adabu ya kwanza ya kalamu.